VPN, Tor au dirisha fiche: kila kimoja kinakuficha kwa nani?

Mwaka jana nililala katika gesti moja mjini Dodoma ambako nywila ya Wi-Fi ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nene kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya kaunta, moja kwa wageni wote, na kwa jinsi karatasi ilivyopauka nilihisi haijabadilishwa tangu kifaa kilipofungwa. Mwenzangu tuliyesafiri pamoja aliponiona nasitasita kujiunga alicheka. "Kaka, washa VPN tu, hapo hakuna anayekuona." Niliwasha, nikafanya kazi yangu, lakini lile neno "hakuna" limenikaa kichwani hadi leo, kwa sababu halikuwa kweli. Mwenye gesti alikuwa haoni tena tovuti ninazofungua, ila mwenye VPN, yaani kampuni ambayo intaneti yangu sasa ilikuwa inapita kwake, alikuwa ameanza kuona yote ambayo dakika moja kabla yalikuwa mbele ya mwenye gesti.

Ulinganisho huu unahusu vitu vitatu ambavyo watu huvitaja kila wanapoulizwa namna ya kujilinda mtandaoni, yaani dirisha fiche la kivinjari (incognito), VPN na Tor, ambayo ni kivinjari kinachopitisha mawasiliano yako katika vituo kadhaa kabla hayajafika kwenye tovuti. Mara nyingi huwekwa kama madaraja ya kitu kimoja, hafifu, cha wastani na bora, ilhali kila kimoja kinafanya kazi yake na kinamficha mtu kwa mtazamaji tofauti. Anayechagua kwa kuuliza kipi kina nguvu zaidi anaweza kuishia na kilicho kigumu kuliko vyote huku yule aliyetaka kujificha kwake akiendelea kumwona.

Kabla ya kuvilinganisha ni lazima kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa sana. Faragha ni pale watu wanapokujua wewe ni nani lakini hawajui unafanya nini, kama mgonjwa aliyeingia chumba cha daktari na mlango ukafungwa: waliokaa kwenye benchi wamemwona na jina wanalijua, lakini ugonjwa hawaujui. Kutojulikana ni kinyume chake, kama barua isiyo na jina iliyotumbukizwa kwenye sanduku la maoni la ofisi: kila mtu ataisoma, ila mwandishi hafahamiki. Wengi wetu, siku nyingi, tunahitaji faragha. Wachache, kwa siku chache, wanahitaji kutojulikana, na hao ndio wanaoumia zaidi wakipewa ushauri wa kundi la kwanza.

Kinachoonekana usipotumia chochote

Hofu kubwa inayotumiwa kuuza VPN ni kwamba mtu aliyekaa meza ya pili kwenye mgahawa anaweza kusoma nywila ya benki yako kupitia Wi-Fi ya pamoja. Miaka kumi na tano iliyopita hofu hiyo ilikuwa na msingi. Leo tovuti nyingi mno, na programu za benki zote zinazojiheshimu, hutumia HTTPS, ambayo husimba mawasiliano kati ya simu yako na tovuti kiasi kwamba aliye katikati hawezi kuyasoma. Anachobaki nacho ni bahasha bila barua: jina la tovuti, saa uliyoifungua, muda uliokaa na ukubwa wa data iliyopita.

Bahasha hiyo si kitu kidogo. Mwenye Wi-Fi au kampuni yako ya simu haitajua ulisoma ukurasa gani katika tovuti ya kituo cha ushauri wa VVU, lakini itajua kwamba uliifungua tovuti hiyo saa sita usiku mara tatu katika wiki moja. Tovuti nayo, kwa upande wake, inaiona anwani yako ya IP, yaani namba inayotambulisha muunganisho wako wa intaneti, aina ya kivinjari chako na vidakuzi, yaani alama ndogo ilizoziacha kwenye kivinjari chako ulipopita mara ya mwisho, na kama umeingia kwa akaunti, inakujua kwa jina. Kwa hiyo watazamaji ni watatu: aliye karibu nawe na simu au kompyuta yako, anayekupitishia intaneti, na aliye mwisho wa safari.

Dirisha fiche

Hili halihitaji maneno mengi. Dirisha fiche linamficha mtu kwa mtazamaji wa kwanza tu. Ukilifunga, kivinjari hufuta historia na vidakuzi vya kipindi hicho kwenye kifaa chenyewe, basi. Kampuni ya simu inaona vilevile, na tovuti inaona anwani ileile ya IP. Mwaka 2020 Google ilishtakiwa huko California na watumiaji waliodai kwamba iliendelea kukusanya taarifa zao wakiwa ndani ya dirisha fiche la Chrome, na katika makubaliano ya 2024 kampuni hiyo ilikubali kuharibu kumbukumbu nyingi ilizokuwa nazo na kueleza wazi zaidi kile ambacho dirisha hilo halifanyi.

Hata hivyo silidharau, kwa sababu kuna mahali ambapo ndilo chaguo sahihi kuliko VPN na Tor kwa pamoja. Nenda kwenye duka lolote la kuchapisha karatasi karibu na chuo msimu wa maombi ya mkopo. Kompyuta ni mbili, foleni ni ndefu, kila mwanafunzi anafungua barua pepe yake apakue fomu, analipa, anachukua karatasi zake zikiwa bado za moto na kuondoka. Anayeketi baada yake akiandika herufi ya kwanza tu ya anwani ya barua pepe anakuta sanduku la mwenzake liko wazi. Adui hapo ni kiti, na dirisha fiche linammaliza bila gharama, mradi tu ulifunge kabla ya kuinuka, na mradi kompyuta yenyewe haijawekewa programu inayonakili kila kitufe unachobonyeza, kwani hiyo hakuna dirisha litakaloizuia.

VPN

VPN inamficha mtu kwa mtazamaji wa pili. Simu yako inafungua njia iliyosimbwa hadi kwenye seva ya kampuni ya VPN, pengine iliyoko Amsterdam, kisha seva hiyo ndiyo inayofungua tovuti kwa niaba yako. Kampuni ya simu inabaki kuona jambo moja, kwamba unaongea na seva ya Amsterdam, na tovuti nayo inadhani uko Amsterdam.

Ushahidi wa haya hauhitaji utaalamu wa kompyuta. Nunua lile bando la WhatsApp pekee ambalo kampuni za simu huliuza kwa bei ya chini, kisha washa VPN. Bando halitatumika, data yako ya kawaida ndiyo itakayokatwa, na kama huna, ujumbe hautaondoka. Kampuni haijakosea. Haioni tena kwamba hiyo ni WhatsApp, na kisichoonekana hakiwezi kupunguziwa bei. Sijapata mfano bora zaidi wa kumweleza mtu kazi ya VPN, ingawa kwa kweli huwa unamfikia akiwa tayari amekasirika.

Ubaya wake unatokana na kilekile kinachoifanya isaidie. Yote yaliyokuwa yakionekana na kampuni ya simu sasa yanaonekana na kampuni ya VPN, ambayo pengine hujui wamiliki wake wala nchi inayoisimamia. Mwaka 2013 Facebook ilinunua kampuni ya Israeli iitwayo Onavo, na programu yake ya VPN ya bure, iliyotangazwa kuwa inalinda taarifa za mtumiaji, ikawa chombo cha kuiwezesha Facebook kujua watu wanatumia programu zipi za washindani wake. Iliondolewa kwenye duka la Apple mwaka 2018 na kufungwa mwaka uliofuata. Mwaka 2023 mahakama ya Australia iliamuru kampuni tanzu mbili za Facebook zilipe jumla ya dola milioni 20 za nchi hiyo kwa kuwapotosha watumiaji. Mwaka 2015 iligundulika kwamba Hola, VPN nyingine ya bure, ilikuwa ikiuza njia za intaneti za watumiaji wake kwa wateja wengine, kwa hiyo mtu aliyeiweka ili ajifiche akawa yeye ndiye mlango wa kujifichia wengine.

Kulipia nako si dawa kamili. Kampuni ya PureVPN ilijinadi kuwa haihifadhi kumbukumbu za wateja, lakini mwaka 2017 nyaraka za kesi moja huko Massachusetts zilionyesha kuwa kumbukumbu zake ziliwasaidia wapelelezi wa FBI kuunganisha matumizi ya mteja mmoja na nyumba yake pamoja na kazini kwake. Mteja huyo alikuwa akimnyanyasa mwanamke mtandaoni na simhurumii hata kidogo, lakini ahadi ilivunjwa kwa wateja wote siku hiyo. Tofauti na hiyo, mwezi Aprili 2023 polisi wa Sweden waliingia katika ofisi za Mullvad wakiwa na hati ya upekuzi na wakaondoka mikono mitupu, kwa kuwa taarifa za wateja walizozitafuta hazikuwepo. Mullvad haiulizi jina wala barua pepe, inampa mteja namba tu, inatoza euro 5 kwa mwezi na inapokea hata fedha taslimu zilizotumwa kwa posta. Kwa asiyekuwa na uwezo huo, Proton VPN ya Uswisi ina huduma ya bure isiyo na kikomo cha data, inayogharimiwa na wateja wake wanaolipa, na hicho ndicho kipimo ninachokitumia kwa VPN yoyote ya bure: nani anaibeba gharama?

Kuna usumbufu mdogo wa kuzoea. Programu ya benki yangu iliwahi kunifungia akaunti kwa sababu nilitoa fedha Dodoma asubuhi na "nikawa Uholanzi" kabla ya chakula cha mchana. Mtandao ukiyumba, VPN hukatika na simu ikaendelea bila kukuambia. Kwenye Android ingia sehemu ya mipangilio ya VPN uwashe iwe hewani wakati wote na kuzuia muunganisho wowote usiopitia humo. Na intaneti ikizimwa nchi nzima, kama Uganda ilivyofanya kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, VPN haina njia ya kupita. Ilifaa nchini humo mwaka 2018, serikali ilipoanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii, kwa kuwa wakati huo barabara ilikuwa wazi na kizuizi kilikuwa mlangoni tu.

Kwa msomaji wa Tanzania kuna jambo la sheria pia. Tarehe 13 Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitoa tangazo likiwataka wanaotumia VPN kwa shughuli zao watoe taarifa za matumizi hayo, pamoja na anwani ya IP, kabla ya mwisho wa mwezi huo, kwa msingi wa kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020. Ukichagua VPN, chagua ukijua hivyo.

Tor

Tor ilianza kama wazo la watafiti wa maabara ya jeshi la wanamaji la Marekani katika miaka ya 1990, na tangu 2006 inaendeshwa na shirika lisilo la faida liitwalo Tor Project. Jina lake limetokana na kitunguu, kwa Kiingereza onion, na hapo maelezo yanakuwa mepesi. Kivinjari cha Tor kinaufunga ujumbe wako kwa maganda matatu na kuupitisha katika vituo vitatu vinavyoendeshwa na watu waliojitolea sehemu mbalimbali za dunia. Kituo cha kwanza kinamenya ganda lake, kinajua umetoka wapi lakini hakijui unakwenda wapi. Cha kati kinajua tu kilichokitangulia na kinachofuata. Cha mwisho kinajua tovuti unayoifungua lakini hakijui wewe ni nani.

Hapa ndipo tofauti yake na VPN ilipo. Kwa VPN unamwamini mtu mmoja na kuomba awe mwaminifu. Kwa Tor taarifa zimegawanywa ili asiwepo hata mmoja mwenye picha nzima, na hii ndiyo sababu naiona Tor kuwa chombo pekee kati ya hivi vitatu kilichotengenezwa kwa ajili ya kutojulikana. Kivinjari chenyewe kinasaidia pia kwa kuwafanya watumiaji wote wafanane machoni pa tovuti, jambo ambalo VPN hailigusi kabisa.

Bei yake unailipa kwa subira. Kurasa zinafunguka taratibu, tovuti nyingi zinakutilia shaka kwa kuwa orodha ya vituo vya mwisho iko hadharani, na utajikuta ukichagua picha za taa za barabarani mara nne mfululizo kabla ya kuruhusiwa kusoma habari moja. Kivinjari cha Tor kinalinda kile unachokifungua ndani yake tu. WhatsApp, barua pepe na programu nyingine kwenye simu hiyohiyo zinaendelea kupita njia ya kawaida, tofauti na VPN ambayo hubeba simu nzima. Pia kituo cha mwisho kinaweza kusoma chochote kisichosimbwa: mwaka 2007 mtafiti wa Sweden, Dan Egerstad, aliendesha vituo vichache vya mwisho na akanasa nywila za barua pepe za balozi kadhaa, ambazo wafanyakazi wake walidhani Tor inasimba mawasiliano hadi mwisho wa safari.

Lakini udhaifu unaotuhusu zaidi sisi wa nchi ambazo watumiaji wa Tor ni wachache ni huu. Mwezi Desemba 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard alituma vitisho vya uongo vya bomu ili mtihani uahirishwe. Alitumia Tor pamoja na barua pepe ya muda, na Tor haikuvunjwa. Wapelelezi waliangalia tu nani alikuwa ameunganishwa na Tor kupitia Wi-Fi ya chuo saa zile, wakamfikia, naye akakiri. Tor ilimficha kwa mpokeaji wa barua, haikumficha kwa mwenye mtandao, ambaye aliona wazi kwamba mtu fulani anatumia Tor.

Kutojulikana, kwa hiyo, kunategemea wingi wa watu unaochanganyika nao. Katika wilaya yenye mtumiaji mmoja wa Tor, kuwasha Tor ni sawa na kuvaa barakoa sokoni: uso hauonekani, ila kila mtu amekuona. VPN katika mazingira yetu ina umati mkubwa zaidi, kwa kuwa watu huiwasha kwa sababu za kawaida kabisa, ikiwemo kufungua mtandao wa X tangu ulipozuiwa Tanzania mwezi Mei 2025. Dawa ya Tor yenyewe ni kutumia madaraja, yaani vituo vya kuingilia ambavyo havimo kwenye orodha ya hadharani na ambavyo huyafanya mawasiliano yasitambulike kirahisi kuwa ni Tor. Sehemu ya kuyawasha iko kwenye mipangilio ya muunganisho ya kivinjari hicho.

Pale ambapo vyote vitatu havisaidii

Ukifungua Facebook ndani ya Tor kwa akaunti yako, Facebook inajua ni wewe. Ukifungua akaunti mpya kwa jina la kubuni lakini ukaithibitisha kwa namba ya simu, umeipa jina lako halisi kwa mlango wa nyuma, maana Tanzania laini zimesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa tangu kazi hiyo ilipoanza Mei 2019. Watu wengi wanaodhani VPN iliwaangusha walifichuliwa na laini.

Vilevile sanduku la maoni halimfichi mwandishi ambaye hati yake ya mkono inajulikana ofisi nzima. Mwaka 2017 huko Marekani mtu aliyevujisha waraka wa siri wa serikali alipatikana bila mtambo wowote wa ajabu: ukaguzi wa ndani ulionyesha kwamba watu 6 tu walikuwa wameuchapisha waraka ule, na mmoja kati yao alikuwa amewahi kuwasiliana na chombo cha habari kilichoupokea kwa barua pepe kutoka kwenye kompyuta ya kazini. Umati wa watu 6 si umati.

Basi uchague nini

Kwa mtu anayetumia kompyuta isiyo yake, dirisha fiche linatosha na VPN ni kujisumbua. Kwa msafiri anayelala gesti, mfanyabiashara asiyependa kampuni ya simu ijue anatembelea tovuti gani, au mtu anayesoma kuhusu afya yake na hataki mwenye Wi-Fi ya nyumba ya kupanga ajue, ningechagua VPN ya kampuni inayojulikana mapato yake yanatoka wapi, na nisingehangaika na Tor.

Kwa anayetaka kuandika au kutoa taarifa bila kujulikana, na ambaye kujulikana kutamgharimu kazi au zaidi ya kazi, VPN peke yake nisingeishauri hata ikiwa ya kulipia, kwa kuwa inamwacha mtu mmoja duniani anayejua jina na kitendo kwa pamoja. Huyo atumie Tor yenye daraja, nje ya mtandao wa ofisi, kwenye kifaa ambacho ofisi haijakigusa, akaunti isiyo na namba yake ya simu, na ajiulize kwanza ni watu wangapi wanaoweza kuwa na taarifa anayotaka kuitoa. Wakiwa wanne, asubiri.

Kivinjari cha Tor kipakuliwe kwenye tovuti ya Tor Project yenyewe au duka rasmi la programu, na tovuti hiyo ikiwa imezuiwa, barua pepe kwa gettor@torproject.org hurudisha viungo vya kupakulia. Faili la APK, yaani la kuwekea programu kwenye simu ya Android, lililosambazwa kwenye kundi la WhatsApp na mtu aliyeandika "hii VPN haina longolongo" liache hukohuko lilikotoka.